Kibodi ya kipokezi au ya Bluetooth: ipi inaelewana na Linux?

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta katikati ya jiji la Mwanza, uliza kama kibodi isiyo na waya inakubali Linux. Jibu huwa moja: "Inakubali zote bosi wangu, hiyo ni kuchomeka tu." Muuzaji hakudanganyi sana. Siku hizi hakuna anayehangaika na CD ya draiva kwa ajili ya kibodi. Ila jibu hilo linafunika aina mbili za kibodi ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha, ilhali ndani ya Linux kila moja inapita njia yake kabla herufi ya kwanza haijatokea kwenye skrini.

Aina ya kwanza inakuja na kipokezi, kile kidude cha ukubwa wa ukucha unachokichomeka kwenye tundu la USB. Ya pili haina kidude chochote, inaongea na kompyuta kwa Bluetooth. Ipo pia ya tatu yenye njia zote mbili na swichi ya kuchagua, na hiyo nitaigusa mbele kidogo.

Nisikuzungushe. Kompyuta ya mezani, hasa inayoshikwa na watu wengi kama za steshenari, ofisi ya shule au projekta ya kanisani, nunua ya kipokezi. Laptopu ya mtu mmoja ambaye kibodi hiyohiyo anataka kuitumia na simu, chukua ya Bluetooth, lakini kwa masharti nitakayoyataja. Sababu karibu zote zinatoka kwenye jambo moja: kipokezi hakiondoki kwenye kompyuta, kibodi ya Bluetooth ni mgeni anayepiga hodi kila anaporudi.

Nani anayefanya kazi ya kuunganisha

Kipokezi na kibodi yake vimeoanishwa kiwandani. Mawimbi ya redio ya GHz 2.4 yanayopita kati yao Linux haiyajui wala haiyajali. Inachokiona ni kibodi ya USB, sawasawa na ile ya waya. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inaikabidhi kwa moduli (draiva) ya usbhid, udev inayosimamia vifaa inaibandika alama ya ID_INPUT_KEYBOARD=1, libinput inayosoma vitufe inaichukua, na unaanza kuandika. Hakuna huduma ya kuwasha, hakuna namba ya siri, hakuna mtu wa kuuliza.

Kwa Bluetooth kazi yote hiyo inahamia kwako. Adapta ya Bluetooth lazima iwe na faili zake za famwea (programu inayoendesha kifaa chenyewe), isiwe imezimwa na rfkill (swichi ya Linux ya kuzima redio), huduma ya bluetooth iwe inafanya kazi, BlueZ (programu ya Bluetooth ya Linux) iikute kibodi, ioanishwe, iaminiwe, ndipo iunganishwe. Mnyororo huo ukikatika popote, dalili ni ileile: unabonyeza, hakuna kitu. Ndiyo maana anayesema "Linux haiitambui kibodi yangu" mara nyingi ana tatizo ambalo halihusu kibodi kabisa.

Hapa kuna jambo linalowapoteza hata mafundi. Ukichomeka kipokezi, amri ya `lsusb` inakionyesha, na `libinput list-devices` inaorodhesha kibodi, hata kama kibodi yenyewe iko kabatini bila betri. Kilichotambuliwa ni kipokezi. Kwa hiyo kibodi ya aina hii ikiwa kimya huku `lsusb` inakiona kipokezi, usianze kuifungua Linux. Angalia betri, swichi iliyo tumboni mwa kibodi, na umbali. Bluetooth iko kinyume chake: kibodi haionekani kwenye orodha ya libinput mpaka iwe imeunganishwa kweli, kwa hiyo ukiiona pale, upande wa redio umekwisha na tatizo lako liko juu zaidi, kwenye mpangilio wa herufi au mazingira ya dawati (kama GNOME au Cinnamon).

Kwa kipokezi, uchunguzi wote unaanza na kumalizika kwa amri moja. Fungua terminali, andika `sudo dmesg -w`, kisha chomoa na uchomeke kipokezi. Mistari mipya ikitokea na ndani yake ukaona hid-generic au jina la moduli ya kampuni husika, Linux imemaliza sehemu yake. Usipoona mstari hata mmoja, badilisha tundu. Tundu la pili nalo likikaa kimya, kipokezi kimekufa.

Kwa Bluetooth jipange zaidi. Anza na `rfkill list`. Ukiona neno blocked likiwa na yes mbele yake, tumia `rfkill unblock bluetooth`. Ikigoma, tafuta swichi au kitufe cha Wi-Fi kwenye laptopu yenyewe. Kisha `systemctl status bluetooth`. Kisha `sudo dmesg | grep -i bluetooth`, uone kama kerneli inalalamika kwamba imekosa faili la famwea. Debian ya zamani ilisifika kwa hilo kwa sababu famwea zisizo huru hazikuwemo kwenye kisakinishi chake; tangu Debian 12 ya mwaka 2023 zimo. Hatua hizo zikipita salama, ingia `bluetoothctl` na uende hivi:

`power on`
`agent on`
`default-agent`
`scan on`

Weka kibodi katika hali ya kuoanishwa, subiri anwani yake itokee, halafu andika `pair` ikifuatwa na anwani hiyo. Hapa ndipo wengi wanakwama. Kibodi nyingi zinataka uthibitisho: skrini inaonyesha tarakimu, na unatakiwa uzibonyeze kwenye kibodi mpya, ile ambayo bado haijaunganishwa, bila kuona chochote kikiandikwa, kisha ubonyeze Enter. Mtu anakaa anaitazama namba akisubiri kompyuta imalize, muda unaisha, anaambiwa imeshindikana. Ikishapita, andika `trust` na anwani, kisha `connect`. Ukiiruka `trust`, leo utaandika vizuri na kesho kibodi haitarudi yenyewe.

Na kumbuka kwamba amri hizo zote unaziandika kwa kibodi nyingine. Kwenye laptopu si tatizo. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na kibodi ya waya pembeni, unabaki na mausi tu mkononi.

Kompyuta ya mezani ya zamani kwa kawaida haina Bluetooth ndani, kwa hiyo itabidi ununue adapta ya USB. Hapo unakuwa umerudi kwenye kidude cha kuchomeka, ila sasa na matatizo yote ya Bluetooth juu yake. Adapta nyingi za bei ya chini zinajitambulisha kwa namba 0a12:0001 kwenye `lsusb`, namba ya chipu ya kampuni ya CSR, na nyingi kati ya hizo ni nakala zisizofuata sheria za chipu halisi. Kerneli imewekewa marekebisho ya kuzivumilia, lakini kwa kerneli ya zamani unaweza kupata adapta inayoonekana, inayowaka taa, na isiyokamata kitu. Kununua adapta ili utumie kibodi ya Bluetooth kwenye kompyuta ya mezani, kwangu mimi ni kujitafutia kazi.

Umeme ukikatika

Hili peke yake lingetosha kunifanya nichague kipokezi kwa kompyuta ya mezani hapa kwetu. Umeme umekatika, au uniti za LUKU zimeisha mchana watu wakiwa kwenye foleni, na kompyuta haina UPS. Imezimika ghafla ikiwa katikati ya kuandika faili.

Umeme ukirudi, Ubuntu na ndugu zake wanakumbuka kwamba uwakaji uliopita haukufika mwisho, na menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, inatokea ikihesabu sekunde 30. Mara nyingi inapita yenyewe, mfumo wa ext4 unasoma jono lake (daftari la mabadiliko) na kujirekebisha. Lakini zipo siku diski imeumia zaidi na Linux inasimama kwenye skrini nyeusi yenye neno initramfs (mfumo mdogo wa muda unaotangulia Linux kamili), ikikuambia uendeshe fsck, amri ya kukagua diski, kwa mkono. Hapo unatakiwa kuandika kitu kama `fsck -y /dev/sda2`, kisha `exit`.

Utaandika kwa nini? Kibodi ya Bluetooth haipo. BlueZ ni huduma inayoanza baada ya mfumo kuwaka, na mfumo haujawaka. Vilevile haipo kwenye BIOS, haipo kwenye GRUB, na kwa kawaida haipo kwenye skrini inayoomba neno la siri la diski iliyofungwa kwa LUKS. Ya kipokezi inafanya kazi kote huko kwa sababu mbele ya BIOS nayo ni kibodi ya USB kama nyingine. Kwenye mashine za zamani labda uingie BIOS uruhusu msaada wa USB wakati wa kuwaka, mara moja tu, basi.

Kuna kasoro ndogo upande wa kipokezi. Vipokezi vya Logitech vina moduli yao, hid_logitech_dj, na kwenye baadhi ya mifumo moduli hiyo haimo ndani ya initramfs, hivyo kibodi inafanya kazi GRUB, inanyamaza kwenye neno la siri la LUKS, inafufuka baadaye. Kwa Debian na Ubuntu, ongeza jina hilo kwenye faili la `/etc/initramfs-tools/modules`, kisha `sudo update-initramfs -u`. Kwa Arch, hakikisha hook (hatua ya kutengeneza initramfs) ya keyboard inatangulia autodetect, la sivyo picha ya initramfs inatengenezwa kwa kuangalia tu vilivyochomekwa siku hiyo.

Mwenye kuamua kutumia Bluetooth pamoja na LUKS aweke kibodi ya waya, hata chakavu, karibu na mashine. Kwenye laptopu hili halina uzito kwa sababu kibodi yake ya ndani ipo.

Kuandika Mwanza ikatokea Mwanya

Kibodi za mtumba zinaingia nchini kutoka kila upande, na nyingi ni imara kuliko mpya za bei ya chini. Lakini ya Ujerumani imebadilishana Z na Y, ya Uingereza imehamisha alama ya @ na ile ya nukuu. Unachomeka, Linux inaitambua papo hapo, unaandika "Mwanza" inatokea "Mwanya". Unataka kuandika anwani ya barua pepe, unabonyeza kitufe chenye @, zinatokea alama za nukuu.

Katika hili aina zote mbili ziko sawa mwanzoni, na zote zinashindwa. Linux haijui kilichochapwa juu ya vitufe. Kibodi inatuma namba ya nafasi ya kitufe tu, siyo herufi. Viwango vya USB vina sehemu ambapo kibodi ingeweza kutaja nchi yake, lakini watengenezaji wengi wanaiacha sifuri, na Linux haiitumii kuchagua mpangilio. Usanidi wa kujiendesha unaishia hapo. Kilichobaki ni chako. Kwa Debian, Ubuntu na Mint, `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration` inauliza maswali na kuandika majibu kwenye `/etc/default/keyboard`. Orodha ya mipangilio ina Kiswahili cha Tanzania kwa jina la tz na cha Kenya kwa jina la ke, ila kama vitufe vyako ni vya Kimarekani, us inatosha kabisa kwa Kiswahili. Herufi zetu zote zimo, na ng' inahitaji kitufe cha alama moja tu.

Tofauti inajitokeza baadaye. Tuseme unatumia X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha na kupokea vitufe, kama Mint ya Cinnamon inavyokuja, na umejizoesha kuweka mpangilio kwa `setxkbmap` au kubadilisha vitufe kwa `xmodmap`. Ya kipokezi inakaa na mpangilio huo mpaka utakapozima kompyuta au kuchomoa kipokezi, kwa sababu kwa macho ya X kibodi haijawahi kuondoka. Ya Bluetooth inalala baada ya dakika kadhaa ili kulinda betri. Ukiigusa inarudi, na X inaipokea kama kifaa kipya chenye mpangilio wa msingi. Asubuhi uliandika vizuri, umerudi kutoka kula, Z na Y zimebadilishana tena. Mtu anadhani kibodi ina pepo.

Dawa ni kuacha kuitegemea `setxkbmap` na kuandika mpangilio mahali X inapousoma kila kifaa kinapoingia. Faili kama `/etc/X11/xorg.conf.d/50-kibodi.conf` linatosha:

`Section "InputClass"`
`  Identifier "kibodi ya mtumba"`
`  MatchIsKeyboard "on"`
`  MatchProduct "jina la kibodi"`
`  Option "XkbLayout" "de"`
`EndSection`

Jina la kibodi lisome kwenye `libinput list-devices`, kisha liandike vilevile, au kipande chake tu. Uzuri mwingine wa njia hii ni kwamba kibodi ya mtumba inapata mpangilio wake na kibodi ya ndani ya laptopu inabaki na wake. Angalizo: mazingira mengine ya dawati huweka mpangilio wao juu ya huu, kwa hiyo pita pia kwenye mipangilio ya Cinnamon au GNOME uone hayagombani. Ukitumia Wayland, mrithi wa X11, mazingira yenyewe ndiyo yanashika mpangilio kwa kibodi zote, na tatizo la kusahau baada ya usingizi linaisha. Ila kwa GNOME unapoteza uwezo wa kuipa kila kibodi mpangilio wake.

Kwa watu wa aina hii, wenye kibodi ya mtumba na X11, kipokezi kinashinda kwa raha tu ya kutogusa mafaili.

Inapokatakata

Herufi zinaruka, au moja inajirudia yenyewe mpaka mstari umejaa a. Hiyo ya kujirudia mara nyingi si kitufe kukwama. Ujumbe wa "kitufe kimebonyezwa" umefika, ule wa "kimeachiwa" umepotea njiani, na Linux inaendelea kuamini kidole chako bado kipo pale.

Kwa kipokezi, mshukiwa wa kwanza ni tundu la USB 3, lile ambalo mara nyingi ndani lina rangi ya bluu. Intel walieleza mwaka 2012 kwamba USB 3.0 inatoa kelele za redio zinazoangukia palepale kwenye GHz 2.4. Diski ya nje ikiwa inanakili faili karibu na kipokezi, kibodi inaanza kudonoa maneno. Hamisha kipokezi kwenye tundu la USB 2, au kitoe mbali kwa waya mfupi wa kurefusha. Waya huo pia unasaidia kompyuta ya mezani iliyo chini ya meza, maana kipokezi kilichochomekwa nyuma ya kasha la chuma kimefichwa kutoka kwa kibodi yake.

Bluetooth nayo iko kwenye GHz 2.4, na Wi-Fi ya kawaida vilevile. Tofauti yake ni kwamba inarukaruka masafa na kukwepa yenye msongamano, kwa hiyo katika jengo lenye ruta nyingi inavumilia vizuri kuliko kipokezi cha bei ya chini. Ukiishi ghorofani mjini kati, hii ni pointi halali ya Bluetooth.

Mshukiwa wa pili ni kubana umeme. Mtu amesikia kwamba `powertop --auto-tune` inaongeza maisha ya betri ya laptopu, ameiendesha, na sasa kila akikaa kimya kidogo herufi ya kwanza inapotea. Amri hiyo imeruhusu tundu la USB lilale. TLP, programu nyingine ya kubana umeme, inaziacha kibodi na mausi bila kuzigusa, hivyo naipendelea. Kulirudisha tundu, tafuta kipokezi chako chini ya `/sys/bus/usb/devices` na uandike neno on kwenye faili lake la `power/control`. Kwa Bluetooth, kinacholala ni adapta; weka mstari wa `options btusb enable_autosuspend=0` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d` na uwashe upya.

Betri ikikaribia kuisha dalili ni hizihizi. Kibodi za Bluetooth nyingi zinaitangazia Linux kiwango cha betri, ukiandika `upower -d` unakiona. Logitech wa kipokezi nao wanasema. Vipokezi visivyo na jina havisemi chochote, kwa hiyo kabla hujaanza kusoma mafaili ya kumbukumbu, weka betri mpya. Na usinunue zile zinazovuja baada ya muda mfupi. Majimaji yake yanakula chuma cha ndani na kibodi haifufuki.

Anayesikiliza

Steshenari pale Malimbe, wanafunzi wa SAUT wamejaa, kila mmoja anaandika namba ya NIDA na neno la siri la akaunti yake. Vipokezi vingine vya bei ya chini vinarusha herufi hizo hewani bila kuzifunga kwa msimbo wa siri. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha kwamba kibodi za kampuni 8 zilikuwa zikituma kila kitu waziwazi, na mwaka huohuo walionyesha vipokezi ambavyo mtu wa pembeni angeweza kuvitumia kupenyeza herufi zake kwenye kompyuta yako. Linux haiwezi kuziba tundu la usalama lililo ndani ya kipokezi. Ukinunua kipokezi kwa kazi za aina hii, nunua cha kampuni inayosema kwa maandishi kwamba inafunga mawasiliano kwa AES.

Bluetooth inafunga mawasiliano baada ya kuoanishwa, na kasoro zake zinaweza kuzibwa kwa kusasisha programu. Desemba 2023 lilitangazwa tundu, CVE-2023-45866, lililomruhusu mtu wa karibu kujiunganisha kama kibodi bila wewe kukubali. BlueZ ililiziba kwa kukataa kibodi zisizooanishwa kikamilifu. Matokeo yake, baadhi ya kibodi za zamani ziligoma ghafla baada ya kusasisha mfumo. Ukikutana na hilo, ifute kibodi kwa `remove` ndani ya bluetoothctl na uioanishe upya. Utakutana na ushauri wa kuandika ClassicBondedOnly=false kwenye `/etc/bluetooth/input.conf`. Inafanya kazi, na inalifungua tundu lilelile.

Kipokezi kikipotea

Hapa Bluetooth inashinda bila ubishi. Kipokezi kidogo kinaanguka, mtoto anakiokota, mwezeshaji wa semina anakisahau kwenye laptopu ya mwenzake. Kwa kibodi zisizo na jina, hakuna kipokezi cha akiba, na kibodi nzima inakuwa takataka. Ukiwa mjini ni usumbufu. Ukiwa Nansio, Ukerewe, ambako kufuata kifaa mjini ni saa tatu hivi juu ya maji kwenda na nyingine kurudi, ni siku imepotea.

Njia ya kati ni Logitech yenye kipokezi cha Unifying, kinachotambulika kwa nyota ndogo ya rangi ya machungwa, au kipya zaidi cha Bolt, chenye alama ya radi. Kimoja kinashika mpaka vifaa 6, na kikipotea unaweza kununua kingine peke yake. Wao hawatoi programu ya kuoanisha kwa Linux, lakini Solaar inafanya kazi hiyo: `sudo apt install solaar`, bonyeza pa kuoanisha, zima na uwashe kibodi. Kwa Bolt fuata maelekezo yanayotokea kwenye skrini, maana nayo inataka uthibitishe. Chunga kitu kimoja, Unifying na Bolt haziingiliani, na vipokezi vya kawaida vya Logitech visivyo na alama hizo si Unifying. Kwa shule ya kisiwani yenye kompyuta kadhaa, hii ndiyo ningenunua, na kipokezi kimoja cha akiba kwenye droo ya mwalimu mkuu.

Mwenye Windows na Linux kwenye laptopu moja naye asikie: Bluetooth inampa kila mfumo ufunguo wake, lakini kwa kibodi hiyo ni kompyuta moja. Ukioanisha upande wa Windows, ufunguo wa Linux unakufa. Kuna njia ya kunakili ufunguo kwenye `/var/lib/bluetooth`, na ni ya wenye subira. Kipokezi hakijui hata kwamba kuna mifumo miwili.

Zenye njia zote mbili

Ukimudu bei, kibodi yenye kipokezi na Bluetooth pamoja inamaliza sehemu kubwa ya ubishi huu: kipokezi kwa kompyuta, Bluetooth kwa simu. Kero yake moja iko kwenye Keychron na nyingine zinazojitambulisha kwa namba za Apple. Linux inaipa moduli ya hid_apple, na vitufe vya F1 hadi F12 vinageuka kuwa vya sauti na mwanga. Unabonyeza F5, ukurasa haupakii upya. Weka mstari wa `options hid_apple fnmode=2` kwenye `/etc/modprobe.d/hid_apple.conf`, endesha `sudo update-initramfs -u`, washa upya. Kerneli mpya zinajaribu kulitambua hili zenyewe.

Kabla hujatoa hela

Nenda dukani na laptopu yako, au na flashi yenye Linux Mint ya kuwasha bila kusakinisha. Wauzaji wengi hawakatai ukiomba kwa adabu. Ya kipokezi: chomeka, andika sentensi yenye z, y, @ na nukuu, sogea hatua kadhaa uandike tena, kisha zima na uwashe mashine, uingie BIOS kwa kibodi hiyo. Ikiingia, imefaulu. Ya Bluetooth: ioanishe, ifanyie `trust`, izime, hesabu mpaka thelathini, iwashe. Ikirudi yenyewe bila wewe kugusa chochote, lipa. Ikihitaji kubembelezwa mbele ya muuzaji, iache kaunta.